Sapu ya kolajeni nilivyoivuka kwa wavu wa kaka

Nilifeli mtihani kwa sababu nilisikiliza watu. Mwenzangu mmoja aliniambia, "ERK, JNK na p38 hazieleweki hizo, kariri tu." Nikakariri majina hayo ya kinasi, yaani vimeng'enya vinavyopitisha ujumbe ndani ya seli. Nikabandika mishale ukuta mzima wa geto, mpaka mlango wa choo. Swali lililokuja lilikuwa moja: miale ya jua ya UVB karibu yote inaishia tabaka la juu la ngozi, sasa kolajeni ya chini, protini inayoipa ngozi uimara, inaharibiwaje? Nikamwaga herufi zote nilizonazo. Nikapata sapu, mtihani wa marudio.

Nikarudi nyumbani Igombe, Mwanza. Mama anaanika dagaa tangu sijazaliwa. Asubuhi moja alikuwa anawapindua kwenye kichanja, mkono ukapita mbele ya macho yangu: mgongo wa kiganja ngozi imekunjamana kama karatasi ya maandazi, lakini karibu na kwapa ni laini kama ya binti. Umri uleule, mkono uleule! Jirani yetu, ninayemwita shangazi, ana dawa yake: supu ya ngozi ya sangara, eti kolajeni inapanda moja kwa moja usoni. Nikamwambia shangazi, ikifika tumboni inakatwakatwa kwanza. Akaninunia mpaka Jumapili.

Kaka alikuwa pembeni anashona wavu. Kolajeni nayo ni nyuzi tatu zilizosokotwa, na mkasi wake ni kimeng'enya kinachoitwa MMP-1. Haukati ovyo. Unakata mahali pamoja tu, kinabaki kipande cha robo tatu na cha robo, kisha vimeng'enya wenzake wanamalizia. Kumwonyesha mama nikachukua kisu, nikapima robo, nikakata. Kumbe nimeshika kamba ya juu ya wavu, si kipande cha kutupa! Kaka alinikimbiza hadi kwenye mitumbwi. Uzi mpya na soda ya kuomba radhi, elfu kumi na kitu hivi.

Lakini mama alikuwa ameshaelewa, akauliza, "Nani anauagiza huo mkasi?" Hapo ndipo mishale ya chooni ilipoamka. Seli za juu zikipigwa na jua zinapeleka ujumbe kwa zile za chini. Huko kinasi zinaamshana kwa kubandikana fosfeti, mwisho protini c-Jun na c-Fos zinashikana kuwa AP-1, swichi ya kuwasha na kuzima jeni. AP-1 inaagiza mikasi mingi, na papo hapo inabana utengenezaji wa kolajeni mpya. TIMP, ambazo kazi yake ni kuziba midomo ya mikasi, zinazidiwa.

Nikamwambia pia kwamba mwaka 1962 watafiti Gross na Lapiere walikikuta kimeng'enya cha aina hii kwenye mkia wa kiluwiluwi wa chura unaponyauka. Mama akacheka: "Kwa hiyo mimi nageuka chura?"

Kwenye sapu nilichora wavu. Nikapita. Kaka bado anadai uzi haukutosha. Mama siku hizi anapindua dagaa na shati langu la sekondari la mikono mirefu, anasema ni kwa ajili ya inzi.