Kalamu ya Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo

Njia ya kufika kwenye kiti cha hakimu Tanzania inajulikana: shahada ya sheria, Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha maombi Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hakimu mpya akipangiwa Mahakama ya Mwanzo, kinachomsumbua ni kuandika mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yanayosemwa na kufanyika mahakamani, kuliko sheria yenyewe. Mshindwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na hakimu wa kule hamwoni shahidi aliyekuwa akibabaika. Anaona jalada tu.

Wengi hujikwaa kwenye kukiri kosa. Mshtakiwa wa shambulio anasomewa shtaka, anajibu: "Ni kweli nilimpiga, ila yeye ndiye aliyenianza, tena na panga." Hakimu mwenye haraka anaandika "ni kweli" na kumtia hatiani. Huko si kukiri, huyo anajitetea! Andika maneno yote kama alivyoyatamka, ingiza kwamba amekana, mashahidi waitwe. Hata anayekiri moja kwa moja asomewe kwanza maelezo ya kosa, aulizwe kama ni sahihi, jibu lake liandikwe, ndipo atiwe hatiani.

Vielelezo, yaani hati na vitu vinavyotolewa kama ushahidi, navyo vina mtego wake. Mdai anatoa hati ya mauziano ya ng'ombe, inapita mikononi mwa watu, karani anaibana kwenye jalada. Lakini mdaiwa hakuulizwa kama ana pingamizi, na hati haikupokelewa wala kupewa alama. Kwenye rufaa haihesabiki, hata kama ndiyo iliyobeba dai zima.

Ukiketi na washauri (wazee wa baraza), wasaini hukumu pamoja nawe.

Mirathi ndiyo inayokula muda. Kabla ya kupokea maombi, uliza marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wapi, na aliishi kwa kufuata mila au dini gani. Kama si mila wala sheria ya Kiislamu, mahakama hii haina mamlaka; ukiendelea, ipo siku yote yatafutwa, nyumba imeshauzwa. Msimamizi wa mirathi akiteuliwa ana miezi 4 ya kuleta orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Kosa la kawaida ni kumkabidhi barua ya usimamizi na kulisahau jalada kabatini, naye anaondoka akidhani amepewa mali. Tarehe ya kuleta orodha iandikwe ndani ya amri ile ile ya uteuzi, na msimamizi asomewe mbele ya warithi.