Siku moja maishani mwangu: kulowesha na kukausha

Saa 1 asubuhi. Hata sijasalimiana na wenzangu, nafungua tanuri. Limekesha kwenye nyuzi 85, na chini ya chupa zangu ndogo umebaki ukoko mweupe. Natafuta jinsi uhai ulivyoanza duniani, na huo ndio ukingo wangu wa kidimbwi cha zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, kimekaukia juani.

Saa 2. Natia maji, natikisa, narudisha tanurini. Mzunguko wa 4. Asidi amino ni matofali ya protini. Mbili zikishikana huachia molekuli moja ya maji, na kuachia maji ukiwa umezama ndani ya maji ni kazi. Ndiyo maana tunakausha. Mwaka 1953 Stanley Miller alipitisha cheche za umeme kwenye methani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji, akapata asidi amino. Kuzipata si tatizo. Tatizo ni kuziunga.

Saa 4. Spektromita ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli. Chupa za glisini tupu, asidi amino ndogo kuliko zote. Glisini moja ni 75. Mbili ni 150, toa 18 ya maji, 132. Ipo, lakini kidogo. Iliyojaa ni 114: zile mbili zimepoteza maji tena, zikajikunja zikawa pete. Pete haina ncha ya kumshika wa tatu. Naichukia namba hiyo kama mtu anavyomchukia jirani wa kelele.

Saa 6. Chakula, haraka.

Saa 7. Chupa nyingine, glisini pamoja na asidi laktiki, ile ambayo misuli huitengeneza ukikimbia sana. Hapa ndipo napenda. Zikikauka, asidi laktiki hushikana zenyewe kwa bondi za esta, kisha glisini inapenya na kukalia nafasi ya mmoja wao, esta inageuka bondi ya peptidi, ile inayounga asidi amino kwenye protini. Ukilowesha, esta zilizobaki huvunjika upesi. Bondi ya peptidi huvumilia. Kila mzunguko unachuja. Skrini inaonyesha 147, halafu 204: laktiki moja, glisini mbili. Nimepiga meza.

Saa 9. Chupa ya ulinganisho, iliyotiwa maji matupu, ina 105. Serini, asidi amino nyingine. Hatukuweka serini popote. Jasho la vidole lina serini tele, na asubuhi ni mimi niliyefungua tanuri kabla ya kuvaa glavu.

Saa 10. Seti nzima inamwagwa, pamoja na ile 204.

Saa 11 jioni. Glavu mbili mbili. Mzunguko wa 1.