Nilivyojifunza kumfuata mtoto hadi kwao baada ya malaria kali

Mtoto aliyeugua malaria kali akatoka wodini akiwa hai hajawa salama bado. Nimefanya utafiti wa ugonjwa huu upande wa Siaya na Kisumu, kando ya Ziwa Victoria magharibi mwa Kenya, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nikikutana na daktari kijana anayetaka kuuingia, hilo ndilo ninalomwambia kwanza. Hapa nataka kueleza nilivyolifikia, na hasa tulivyofaulu kuwafuata watoto hao makwao, maana ugumu wote ulikuwa huko.

Mimi ni mtoto wa Nakuru. Kule kwetu, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, malaria ni ugonjwa wa mtu aliyesafiri. Ukishikwa na homa mama anakuuliza ulikuwa umeenda wapi. Nilipopelekwa wodi ya watoto huku magharibi nilikuta kitanda kimoja kinalaliwa na watoto wawili, watatu, kila mvua za masika zikishapiga. Masomo yalikuwa yamenitayarisha kumpokea mtoto aliyepoteza fahamu au aliyeshikwa na degedege. Hao walikuwepo. Lakini wengi zaidi walikuwa wadogo, hawajafika hata miaka miwili, macho wazi, viganja vyeupe, wanahema mbio huku mbavu zikibonyea. Kilifi, kule pwani, ambako maambukizi ni machache kuliko huku, watafiti walikuwa wakiona zaidi malaria inayopanda kichwani. Huku ziwani mtoto huanza kuumwa na mbu wenye vimelea tangu uchanga, na kinachomwangamiza hasa ni kuishiwa damu. Tunapopima tunakuta hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, iko chini ya gramu 5 kwa desilita, wakati mtoto mzima wa umri huo anatakiwa awe na 11 hivi.

Kimelea hupasua chembe nyekundu za damu, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kwamba bandama huondoa pia chembe nyingi ambazo hazijaingiwa na kimelea chochote, na uboho ndani ya mifupa, unaotakiwa kutengeneza damu mpya, hulemewa ukazubaa. Kwa hiyo ukimtia mtoto damu leo, jioni anakaa, anaomba uji, mama yake anatabasamu. Uboho bado haujaamka.

Dawa zimebadilika nikiziona. Nilianza na kwinini: dripu ya saa nyingi, na sukari ya mtoto inaweza kushuka usiku wauguzi wakiwa wachache. Mwaka 2010 ulitangazwa utafiti wa watoto zaidi ya 5,000 katika nchi tisa za Afrika, ulioonyesha kwamba sindano ya artesuneti inapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ambao ulinitikisa zaidi. Watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu tulikuwa tukiwamiminia maji ya mshipa haraka, tukiamini tunawaokoa. Katika saa 48 za kwanza, walikufa asilimia 10.6 ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Na waliomiminiwa walionekana kupata nafuu saa ya kwanza! Tangu hapo siridhiki na nafuu ninayoiona kitandani kabla sijajua kilichofuata.

Kilichofuata, kwa watoto wetu wa kuishiwa damu, tulikuwa hatukijui vizuri. Baadhi walirudi baada ya wiki chache, weupe tena. Wengine hawakurudi, na habari zao tulizipata kwa jirani aliyeleta mgonjwa mwingine. Basi tukaandaa utafiti wa kumfuata kila mtoto kwa miezi sita baada ya kuruhusiwa.

Nyumba zetu vijijini hazina namba wala barabara yenye jina. Kijitabu cha mama na mtoto kinaonyesha kata, labda na kijiji, na kijiji kimoja kina akina Achieng chungu nzima. Tulichofanya ni kukaa na mama siku moja kabla ya kuruhusiwa, wakati hana haraka ya gari, tukachora njia pamoja: unashuka steji gani, unapita mashine ya kusaga ya nani, kanisa liko mkono upi, mwenye boma anaitwaje na majirani wanamwitaje. Namba ya simu tulichukua zaidi ya moja, ya jirani ikiwemo, kwa ruhusa ya mama, kwa kuwa simu ya nyumbani mara nyingi husafiri na baba.

Swali lililotusaidia kuliko yote alilileta mama mmoja mhudumu wa afya ya jamii, mtu wa Bondo. Alinisikia nikiuliza, "Mama, unaishi wapi?" Akaniita pembeni. "Daktari, huyu anaishi Nyalenda, ni kweli. Lakini mtoto anaenda kwa nyanya yake. Uliza mtoto atalala wapi wiki ijayo, na mwezi ujao atalala wapi." Alikuwa amesema kweli tupu. Mama amekaa wodini siku nyingi, kibarua kimepotea au biashara imelala; mtoto anapelekwa Ahero au Rarieda kwa nyanya ili mama arudi kutafuta. Na Ahero ni mashamba ya mpunga, maji yametulia, mbu tele. Kuanzia hapo tulimwomba nyanya naye aje wodini kama inawezekana, asikie maelezo yote kabla idhini haijatiwa sahihi, kwa kuwa yeye ndiye atakayemwona mtoto akibadilika.

Halafu kuna suala la damu. Uvumi kwamba watafiti wanauza damu za watoto nimeukuta karibu kila kijiji, na sijawahi kuudharau, kwa sababu mtu anayekuja na gari kubwa, akatoa damu, akaondoka bila kusema chochote, amestahili kushukiwa. Tulianza kwenye baraza la chifu, mbele ya wazee, tukionyesha chupa yenyewe na kiasi kinachoingia ndani yake. Nyumbani tulipima hemoglobini kwa kimashine papo hapo, mama akitazama, na namba ikaandikwa kwenye kijitabu chake kabla hatujanyanyuka. Nilieleza pia damu aliyotiwa mtoto wake ilitoka wapi: kwa watu waliojitolea, wengi wao wanafunzi wa sekondari, ndiyo maana shule zikifungwa damu huwa adimu. Hapo akina baba wengi waliokuwa wamekaa kando walisogea karibu wakaanza kuuliza.

Gari nalo lilikuwa tatizo. Nyanya mmoja alinishika mkono akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, mkija na lile gari lenye maandishi, watu wanasema mtoto wa hapa ana ukimwi." Tukawa tunaliacha sokoni, tunamalizia kwa miguu au kwa bodaboda. Kazi ikawa ya polepole, lakini milango ilifunguka.

Mahali pengine tulifika tukakuta turubai limefungwa na viti vimepangwa. Siku hiyo hakuna fomu inayotolewa. Tunakaa na wafiwa, tunatoa rambirambi kama watu wengine, tunaondoka. Maswali kuhusu siku za mwisho za mtoto yanangoja mpaka mazishi yapite na familia ikubali. Wasaidizi wangu wanaozungumza Dholuo ndio waliojua ni lini inafaa, na niliwaachia uamuzi huo kabisa.

Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Kenya na Uganda juu ya jambo hilihili. Watoto waliokuwa wamelazwa kwa upungufu mkali wa damu walipewa dawa ya malaria inayochanganya dihaidroatemisinini na piperakuini, dozi ya siku tatu katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kuruhusiwa. Dawa hiyo hukaa mwilini ikimkinga mtoto kama mwezi mmoja kila mara, wakati ile ya kawaida ya kumalizia matibabu ya hospitali inakinga kama wiki mbili tu. Vifo na kulazwa tena vilipungua sana katika miezi ile uboho unapojijenga, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo. Niliyasoma matokeo yale nikiwafikiria watoto ambao njia za makwao nilikuwa bado nazikumbuka.

Sasa shida ni kuifikisha dozi. Malawi walilinganisha kumpa mzazi dozi zote siku ya kuondoka na kumtaka arudi hospitalini kuzichukua kila mwezi, na waliopewa zote walizimeza vizuri zaidi. Sishangai hata kidogo. Nauli ya kutoka Rarieda ni pesa ya unga. Kwa hiyo ninaowafundisha leo nawataka waandike zile tarehe tatu kwenye kijitabu, wamweleze anayemlea mtoto kwamba viganja vikipauka, mkojo ukiwa mweusi au pumzi ikienda mbio arudi siku hiyohiyo asingoje tarehe, na waweke dawa mikononi mwa yule ambaye mtoto analala kwake.