Kamera ya dukani ilikuwa inakula bando usiku

Bando ndilo lililonishtua. Duka limefungwa, simu zote ziko nyumbani, lakini intaneti ya dukani inaliwa usiku kucha. Nikaingia kwenye ruta: mlaji ni kamera niliyonunua Kariakoo, inatuma data kwenye seva za nje ya nchi. Na nenosiri? Lilelile la kiwandani, admin. Aibu yangu. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka malaki ya vifaa, kamera zikiwemo, kwa uzembe kama huu.

Nikabadilisha nenosiri, nikasasisha programu yake, nikazima P2P (njia ya kuitazama kamera ukiwa mbali kupitia seva za nje) na UPnP (hii hufungua milango ya ruta bila kukuuliza). Bado ikawa inatuma. Basi nikaipa anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) ya kudumu, kisha nikaweka sheria kwenye ruta isitoke nje kabisa. Video zinabaki kwenye memori kadi.

Ila saa yake ikaanza kupotea kwa kukosa intaneti, nikaielekeza ichukue majira kwenye ruta. Nikiwa nyumbani naichungulia kupitia VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa dukani ukiwa mbali) ya ruta hiyohiyo. Bando sasa linafika mwisho wa mwezi.