Bampa limepasuka Kampala: karatasi kwanza, spana baadaye

Stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele haitengenezi gari lako, wala haitengenezi gari uliloligonga. Bima hiyo ya lazima, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1989, inahusu mtu wa tatu aliyeumia au kufariki, na sheria yenyewe iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja na 10,000,000 kwa ajali nzima. Bampa, taa na madigadi havimo. Madereva wengi Uganda huligundua hilo barabarani, foleni imesimama nyuma yao na trafiki anauliza maswali. Mwenye kulipiwa matengenezo ni yule aliyekata bima kubwa, na hata yeye anaweza kukosa asipofuata utaratibu.

Kama hakuna aliyeumia, piga picha kabla hamjasogeza magari. Piga kutoka mbali, ionekane barabara, mistari yake na namba za magari yote mawili, kisha sogea karibu na sehemu iliyogongwa. Piga picha pia ya pamiti ya mwenzako, yaani leseni yake ya kuendesha, na stika yake. Baada ya hapo ondoeni magari njiani na mripoti kituo cha polisi cha eneo hilo. Kama kuna aliyeumia, hata bodaboda aliyechubuka goti na kusema yuko sawa, usiihesabu kuwa ajali ndogo. Mpeleke akatibiwe, akafanyiwe uchunguzi kwa PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na ajali iandikwe polisi siku hiyo hiyo. Bodaboda aliyeondoka kwa miguu yake anaweza kurudi kesho na mkono umefungwa plasta, na wewe huna maandishi yoyote ya kilichotokea.

Usiandike wala kusaini karatasi ya “nitamlipa mwenye gari hili”. Najua shinikizo lilivyo pale, watu wamekuzunguka na kila mmoja ni hakimu. Lakini karibu kila mkataba wa bima kubwa unakataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni, na karatasi hiyo moja inatosha dai lako kukataliwa. Mpe mwenzako namba ya simu na jina la kampuni yako ya bima. Yatosha.

Kutoka polisi unahitaji vitu viwili: ripoti ya ajali, na ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi anayeangalia breki, matairi, taa na usukani na kuandika uharibifu uliopo. Isome ripoti hiyo ukiwa bado hapo hapo. Kama imeandika bampa la mbele peke yake wakati taa ya kulia nayo imevunjika masikio ya kufungia, omba iongezwe kabla hujaondoka. Kisichoonekana kwenye ripoti utakibishania baadaye na mtathmini, mtu wa kampuni ya bima anayekagua uharibifu.

Kampuni ya bima ijulishwe mara moja, na kwa maandishi, hata kama umeshampigia simu wakala. Fomu ya dai huandikwa kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako si cha kusoma mikataba, tafuta mtu akutafsirie kila swali kabla ya kusaini, maana maelezo yaliyomo lazima yalingane na uliyoyaeleza polisi. Ukisema polisi ulikuwa kilomita 40 kwa saa na kwenye fomu ukaandika ulikuwa umesimama, hapo ndipo dai linapolala. Ambatanisha nakala ya pamiti ya aliyekuwa akiendesha, kadi ya gari, picha, ripoti za polisi na makadirio ya gereji. Kampuni nyingi hutaka makadirio zaidi ya moja. Uliza kama bei ina VAT ndani: kazi ya 1,500,000 ikiongezwa asilimia 18 inakuwa 1,770,000, na tofauti hiyo ya 270,000 inaweza kukurudia wewe.

Kabla ya yote hayo, piga hesabu kama dai lina faida. Tuseme eksesi yako, yaani sehemu unayobeba mwenyewe, ni asilimia 10 ya dai lakini isipungue 500,000. Matengenezo ya 700,000 yatakupa 200,000 tu. Kama mwaka ujao ungepata punguzo la kutodai la asilimia 10 kwenye ada ya 1,200,000, umepoteza 120,000. Umebakiwa na 80,000 baada ya kuzunguka ofisi na vituo. Hapo mimi ningejilipia. Bado toa taarifa kwa kampuni, kwa sababu mtu wa tatu anaweza kuibuka baadaye. Angalia pia thamani uliyoandikisha. Gari la milioni 30 likikatiwa bima ya milioni 20, na mkataba una kifungu cha uwiano, uharibifu wa milioni 3 utalipwa milioni 2, na eksesi inatoka humo humo.

Sasa fundi. Asifungue hata skrubu moja kabla mtathmini wa kampuni hajaliona gari na idhini ya kazi haijatoka. Ila mtathmini akifika, omba bampa lifunguliwe mbele yake, kwa kuwa ajali ndogo hujificha nyuma ya plastiki. Bampa huweza kurudi umbo lake na kuonekana lina mkwaruzo tu, kumbe chuma cha nyuma yake kimepinda, kondensa ya eisi imesukumwa ikagusa rejeta inayopoza maji ya injini, na tangi la rejeta lina ufa mwembamba kama unywele. Ukiendelea kuendesha gari hilo kwenye foleni ya Jinja Road, maji yanapungua taratibu, injini inachemka, gasketi ya silinda hedi inaungua. Uharibifu huo wa pili kampuni haitaulipa, kwa hoja kwamba uliendesha gari bovu. Kikipatikana kitu kipya baada ya kazi kuanza, simamisha na peleka makadirio ya nyongeza. Usiseme “maliza tu, tutaelewana”. Spea za zamani usizitupe, kampuni ina haki ya kuzitaka.

Ukinunua spea mwenyewe, soko la Kisekka utapata karibu kila kitu cha Toyota, vingi vikiwa vimetumika. Nenda na namba ya chesisi na kile kilichovunjika mkononi. Taa mbili za gari lenye jina moja zinaweza kufanana kwa macho na zisikae: linganisha namba iliyochorwa kwenye kioo cha taa, idadi ya pini za soketi, na masikio yote ya kufungia. Nunua na klipu na vishikio vya pembeni vya bampa. Ni vya bei ndogo, lakini bila hivyo bampa jipya litaachana na madigadi baada ya matuta machache.

Kwenye rangi, msimbo uko kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, na 070 ni nyeupe ya lulu inayopigwa kwa tabaka tatu. Fundi akikutoza bei ya nyeupe ya kawaida kwa 070, ujue haitalingana. Bampa la plastiki lisipopigwa praima ya plastiki, rangi itabanduka vipande. Puti, yaani lipu ya kujazia mabonde, kwenye bati isizidi milimita 2 au 3. Zaidi ya hapo bati halikunyooshwa, limefunikwa, na litapasuka. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa itakuonyesha: pasipoishika, kuna puti nene. Mvua ikinyesha, rangi isipigwe nje. Unyevu huifanya iwe na ukungu mweupe.

Hati ya kuridhika, inayosema umeikubali kazi, isaini mwisho kabisa, baada ya kuliona gari juani, kuwasha taa zote usiku, na kupima mpangilio wa magurudumu kama gurudumu liliguswa. Ukishaisaini, kampuni inafunga faili.

Dai likichelewa au likikataliwa bila sababu unayoielewa, andikia kampuni kwanza na udai jibu la maandishi. Lisipokuridhisha, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ina kitengo cha malalamiko. Peleka nakala ya mkataba, fomu ya dai, ripoti za polisi na barua zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe.