Kutoka Forodhani hadi Michenzani kwa Miguu

Wageni wengi wanaotembezwa katika mji wa Zanzibar huzungushwa ndani ya Mji Mkongwe kisha hurudishwa Forodhani, na Darajani ndio huwa ukingo wa safari yao. Hata mimi niliyekulia hapa nilipita Darajani miaka mingi nikiwa ndani ya daladala, bila kujiuliza kwa nini mahali pasipo na mto wala daraja paitwe hivyo. Jumapili moja baada ya sala ya alfajiri nilianza safari yangu Forodhani kwa nia ya kutosimama Darajani, bali kuvuka.

Nilianzia mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Bado inaniuma kila ninapolitazama. Kutoka hapo niliingia Hurumzi, nikafuata vichochoro kuelekea Kiponda, na huko ndiko miguu hufundisha jambo ambalo gari haliwezi kulifundisha. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu, ni mti wenyewe ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo maana nyumba hata ya tajiri huwa na vyumba virefu vyembamba. Kuta zimesogeleana kiasi kwamba saa tatu asubuhi jua lilikuwa bado halijafika chini. Baraza za mawe zilizo pande mbili za njia, ambazo jioni hukaliwa na wazee wanaokunywa kahawa, wakati wa mvua kubwa huwa ndiyo njia ya kupita, kwani maji hushuka katikati.

Mkunazini nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Soko la watumwa lilikuwa hapa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu ya kiwanja chake. Ukifika kwa miguu ukitokea pwani, unatambua jinsi soko hilo lilivyokuwa karibu na nyumba za watu, mwendo wa dakika chache tu kutoka milango ya nakshi tunayoisifu. Naona ni haki kila anayeisifu milango ile apite na hapa.

Kisha nikafika Darajani, penye soko lililojengwa mwaka 1904. Barabara pana inayopita mbele yake, ambayo wengi bado huiita Creek Road ingawa sasa ina jina la Benjamin Mkapa, imelala mahali palipokuwa na mkono wa bahari. Mkono huo uliutenganisha mji wa mawe na upande wa pili, watu wakavuka kwa daraja, hadi ulipofukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini. Muuza kahawa niliyemwamkia shikamoo alinyoosha kidole barabarani akasema, "Hapo penye daladala, mwanangu, baba yangu alikuwa akiona ngalawa."

Upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, na jina hilo lina mtazamo wake: ni neno la aliyesimama kwenye nyumba za mawe. Kwa mzaliwa wa Kikwajuni, mtaa wa upande huu, ng'ambo ilipaswa kuwa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini mafundi, wachukuzi na watumwa walioachwa huru, ambao kazi yao iliuendesha mji huo, wengi wao walilala huku.

Nilipita Kisiwandui, alikouawa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972 na alikozikwa, nikatokea Michenzani. Majumba yake marefu ya ghorofa, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamejipanga kando ya barabara mbili zinazokatana, na baada ya vichochoro vya asubuhi upana huo ulinishtua: hakuna kivuli, na jua la saa tano lilikuwa kali. Chini ya ghorofa, hata hivyo, watu walikuwa wamekaa kwenye vizingiti vya saruji wakizungumza na kunywa kahawa, kama wale wa Kiponda.

Wakati wa kurudi sikupitia sokoni. Nilishuka kuelekea Mnazi Mmoja, nikiufuata taratibu mkono wa bahari usiokuwapo tena.