Siku moja na mbwa wa watu, Ilboru, Arusha

Saa 11:00 alfajiri natoka Sakina kwa miguu, chai ya rangi na kiporo cha makande tumboni. Kazi yangu ni kutembeza mbwa. Ndiyo, nalipwa, tena kwa mwezi. Wajomba bado wanadhani nawatania.

Saa 12:00 nachukua Rhodesian Ridgeback, jike la kilo zaidi ya 30. Mgongoni ana mstari wa manyoya yanayolala kinyume na mengine, ndiyo alama ya mbegu yake, iliyokuzwa kusini mwa Afrika. Mama muuza vitumbua hukunja kanga kila tukipita: "Mwanangu, huyo kaungua na nini?" Tunapanda vichochoro vya migomba na kahawa hadi mtoni, tunageuza. Kisha Jemani shepadi wawili wa nyumba ya jirani. Hao kila mtu anawajua, hakuna la kusimulia.

Saa 3:00 ni zamu ya basenji, na zamu ya basenji maana yake ni zamu ya Mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, huyu mbwa tangu umchukue hajabweka hata mara moja."

"Mzee, basenji habweki. Ndivyo alivyoumbwa."

"Sasa mwizi akiruka ukuta, atamsalimia?"

Namweleza, si mara ya kwanza, kwamba huyu asili yake ni misitu ya Kongo, mbwa wa kuwinda. Akitaka hulia kama anayeimba. Hujilamba mwili mzima kama paka, na jike hupata joto la kutaka dume mara moja tu kwa mwaka. Kinachoniuma mimi ni kwamba Kongo ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, lakini Waingereza walianza kuwazalisha kwao miaka ya 1930, na sasa jirani yetu huyu anatufikia kwa ndege, na cheti juu.

Mzee hasikii. "Basi mpeleke Hifadhi ya Arusha, si hapo tu? Akiwaona nyani, atabweka mwenyewe."

Mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa, namwambia. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaobebwa na mbwa wa majumbani, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Mzee anavua miwani. "Simba wafe kwa mafua ya mbwa? Kijana, unanidharau." Dada wa kazi anacheka jikoni, nami nimesimama getini na mbwa anayevuta kamba, jua linapanda, wateja wengine wananisubiri. Namtupia la mwisho: wawindaji wa Kongo huwafunga mbwa hawa kengele ya mti shingoni ili wajue walipo msituni, kwa kuwa hawabweki. Hapo ananyamaza, anatazama mbwa, anatazama geti. Naondoka kabla hajapata swali jingine.

Basenji simwachii barabarani hata kwa dawa. Akiona kuku, masikio yanasimama, paji la uso linakunjana, na hapo hata umwite kwa jina la babu yake hageuki. Mji huu hauna uwanja wa mbwa, kwa hiyo nina kiwanja changu: ploti yenye ukuta ambayo mwenyewe yuko Dar, nyasi kiunoni, mlinzi namnunulia soda. Nafungua kamba. Anakimbia mduara mpana, miguu yote minne hewani, vumbi linamfuata, hakuna sauti ila kucha zikigusa udongo. Mlinzi huacha redio kumtazama.

Mchana ni kupe. Masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Nawang'oa kwa koleo ndogo, nawatumbukiza kwenye spiriti.

Baada ya hapo saa sizifuatilii tena. Zamu ya jioni ni ile ile, ila miguu si ile. Watoto wa shule wanarusha mawe. Mbwa koko mmoja anatufuata akidondosha mate, nami nashika fimbo: mbwa wangu wote wana chanjo ya kichaa, lakini akining'ata mimi ni sabuni na maji ya bomba dakika 15, kisha mbio hospitali. Anapotelea kwenye mfereji. Mikono inatetemeka mpaka Sakina.

Naloweka miguu kwenye beseni, simu inaita. Mzee.

"Kijana, kengele ya mbuzi pale soko la Kilombero wanauzaje?"